JE, NI UGUMU WA MOYO?



Mwaka 1989 tulimchapa mtoto viboko vitatu kwa kosa ambalo leo hatuna hakika kama lilikuwa kosa. Tumekaa na jambo hili miaka mingi. Kwa kuwa mtaa wetu una wazazi, una walimu, tena una watu wengi wanaouguza wagonjwa majumbani, tumeona afadhali tuliandike hapa kuliko kuendelea kulificha.

Mtoto huyo alikuwa darasa la tano, umri wake kama miaka 11. Mwaka uliotangulia aliugua homa kali sana yenye degedege, akalazwa hospitali majuma mengi. Madaktari walisema homa imeingia ubongoni. Majirani walisema mengine, kama ilivyo desturi yao. Aliporudi shuleni alisoma vizuri kiasi, na hesabu hazikumshinda, ila alikuwa mwepesi wa kusahau mambo ya jana. Sisi tulimshukuru Mungu kwamba amepona, tukaliandika jina lake katika daftari la mahudhurio, basi.

Siku moja mwalimu mkuu alikuja mlangoni kumwita msichana wa darasa letu aliyefiwa na baba yake. Binti yule alipoambiwa alianguka chini akilia, na wenzake wakalia naye. Katikati ya kilio kile kijana wetu akanyosha mkono, akauliza kwa sauti ya kawaida kama mpira wa jioni bado upo. Hakuna aliyemjibu. Akanyosha mkono mara ya pili, akauliza tena, huku akitutazama kama mwanafunzi anayengoja jibu la hesabu.

Tulimtoa nje tukamchapa. Lililo baya zaidi, tulirudi tukasema mbele ya darasa zima kwamba mtoto huyu hana utu. Viboko viliisha siku ile ile. Maneno hayakuisha. Wenzake walianza kumwita Hanautu, na jina hilo likatoka shuleni likaenda mpaka kisimani na sokoni.

Juma lililofuata mama yake alikuja. Hakuja kugomba. Alisema, “Mwalimu, huyu mwanangu tangu augue anatuona, lakini uso wa mtu haumwambii kitu. Nikilia ananiuliza kama nina mafua. Ila nikimwambia kwa mdomo, mwanangu, mama yako ana huzuni leo, basi huenda akaniletea kigoda na maji ya kunywa.” Tulimsikiliza kwa heshima, tukampa pole, wala hatukuelewa. Tulidhani ni mama anayemtetea mwanawe. Chuoni tulikuwa tumefundishwa saikolojia ya mtoto: uvivu, utukutu, woga, mtoto aliyedekezwa. Hakuna mahali tulipofundishwa kwamba mtoto aweza kuwa na macho mazima, na masikio mazima, na hata nia njema, asione kwamba mwenzake analia kwa uchungu.

Tulipostaafu tulipata nafasi ya kusoma, na kidogo kidogo tuliyoyasoma yalituamsha usiku.

Kuvimba kwa ubongo huletwa na mambo mengi. Kichaa cha mbwa ni namna mojawapo. Malale nayo ni namna nyingine, maana kijidudu kinachoingizwa na mbung'o hufika mwisho ubongoni, na mgonjwa hubadilika tabia kabla hajazidiwa na usingizi. Wazee wa Tabora na Kigoma waliyaona hayo. Namna inayojulikana zaidi na wataalamu, kwa habari ya jambo letu, ni ile inayoletwa na virusi vya hepesi, vile vile viletavyo malengelenge ya mdomoni. Watu wengi sana wanavyo mwilini wasidhurike. Lakini kwa mtu mmoja mmoja, kwa nadra, virusi hivyo huingia ubongoni, na hupenda zaidi sehemu za kando, usawa wa masikio. Zamani kiasi cha wagonjwa 7 kati ya 10 walikufa. Katika miaka ya 1980 ilithibitishwa huko Sweden na Marekani kwamba dawa iitwayo asiklovia hupunguza sana vifo hivyo, nayo hutumika hadi leo. Basi wengi zaidi wakapona. Lakini kupona ni neno pana, kama tutakavyoona.

Ndani ya sehemu hizo za kando kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande, nacho huitwa amigdala. Karibu nacho ndipo kumbukumbu mpya hutengenezwa. Ndiyo maana mtu aliyepona ugonjwa huu mara nyingi husahau upesi, na hilo jamaa zake huliona siku ya kwanza. Kasoro ya pili haionekani upesi. Mwaka 1998 wataalamu wa Uingereza walichapisha habari za watu wachache waliowahi kuvimba ubongo. Waliwaonyesha picha za nyuso zenye furaha, huzuni, hasira, mshangao, chukizo na hofu, wakawaomba waseme kila uso una nini. Baadhi yao walitambua nyuso nyingine bila shida kubwa, lakini uso wa mtu mwenye hofu uliwashinda. Si kwamba walikuwa wajinga, wala si kwamba macho yao yalikuwa mabovu. Uso walikuwa wakiuona. Habari iliyoandikwa juu ya uso huo ndiyo haikuwafikia.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Tunapomwita mtu mgumu wa moyo, tunamshtaki nini hasa?

Twende kwa Mwinjili Luka, katika mfano wa Msamaria mwema, sura ya 10. Tuliufundisha mfano huo miaka zaidi ya 30, na neno moja lilikuwa likitupita. Mwinjili hasemi kwamba kuhani hakumwona yule majeruhi. Anasema alimwona, akapita kando. Mlawi naye alimwona. Msamaria naye alimwona. Wote watatu wako sawa hapo. Wanaachana baada ya kuona: mmoja anaguswa moyoni, tena anatenda, na wale wawili wanashika njia yao. Kosa la kuhani limo katika yale yaliyofuata baada ya kuona. Sasa, kijana wetu hakufika hata pale kuhani alipofika. Tulimhukumu kana kwamba ameona akapita kando, kumbe njia yake ilikuwa imekatika kabla ya hapo. Na tena mama yake alipomwonyesha kwa maneno kile ambacho macho yake hayakumwonyesha, alikwenda akaleta kigoda. Ndugu zangu, kigoda kile kinatusumbua. Ni ushahidi kwamba moyo ulikuwapo.

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamuuliza Bwana juu ya kipofu wa kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana anakataa yote mawili. Kipofu wa macho tumekwisha kujifunza kutomshitaki. Kipofu wa nyuso bado hatujampa hata jina katika lugha yetu, isipokuwa majina ya matusi.

Wako waliofikiri sana juu ya huruma kabla yetu. Joseph Butler, padri wa Kanisa letu huko Uingereza ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Durham, alichapisha mwaka 1726 hotuba zake 15, na mbili kati ya hizo ni juu ya huruma, akifuata agizo la Mtakatifu Paulo kwa Warumi, sura ya 12, la kushiriki furaha na kilio cha wenzetu. Butler alisema kwamba akili peke yake haitoshi kumsukuma mwanadamu kumsaidia mwenzake, kwa hiyo Mungu ametupa huruma, iwe kama mwito ndani yetu. Miaka karibu 60 baadaye, mwaka 1785, Mjerumani Immanuel Kant aliandika kinyume kidogo. Alimfikiria mtu ambaye kwa maumbile yake ana moyo wa baridi, asiyeguswa na taabu za watu, lakini huwasaidia hata hivyo kwa kuwa anajua ni wajibu wake. Kant akasema tendo la mtu huyo ndilo lenye thamani ya kweli.

Sisi maisha yetu yote tulikuwa upande wa Butler. Tuliwaambia watoto, sikitikeni na wenzenu. Kant tulimwona kama karani wa serikali. Lakini kijana yule na kigoda chake ametusogeza upande wa Kant, ijapokuwa hatupendi sana kukaa huko. Maana kama huruma ni mwito unaopigwa ndani ya ubongo, na ugonjwa ukaukata waya wake, je, Mungu amemwacha mtu huyo bila njia ya kuwa mwema? Hatuwezi kuamini hivyo. Imempasa kufika kwa njia ya mguu pale ambapo sisi tunafika kwa gari.

Mtu ataweza kusema, basi ninyi mnataka kila mkorofi aseme ubongo wake umevimba. La, hatusemi hivyo. Wako watu wanaoona machozi vizuri sana na kuyafurahia. Na hata kwa aliyeugua kweli, ugonjwa haufuti kila dai. Jambo hili liliwasumbua Waingereza waziwazi. Kuanzia mwaka 1917, daktari Constantin von Economo wa Vienna alipoueleza, ulijulikana ugonjwa wa kuvimba ubongo uliowalaza watu usingizi mzito, nao ukaenea nchi nyingi kwa miaka kama kumi. Baadhi ya watoto waliopona, waliokuwa wapole kabla ya kuugua, wakawa waongo, wezi na wapigaji, na wengine walijuta muda mfupi baada ya kutenda. Wazazi hawakujua wawapeleke wapi, kwani sheria ya watu wenye upungufu wa akili iliwatazama waliozaliwa hivyo au kuwa hivyo tangu utoto mdogo. Mwaka 1927 sheria ikarekebishwa, ikawahesabu pia wale walioharibiwa na ugonjwa au jeraha kabla ya kutimiza miaka 18. Si kwamba watoto hao waliachiwa wafanye wapendavyo. Walizuiwa na kutunzwa. Lakini nchi ilikiri kwamba kumzuia mtu ni jambo moja, na kumlaumu ni jambo jingine. Sisi mwaka 1989 hatukujua tofauti hiyo. Tulikuwa na fimbo moja kwa mambo yote mawili.

Kuna habari nyingine ambayo inatugusa sisi tulio wazima. Huko Marekani kuna mwanamke ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na maradhi ya nadra ya kurithi. Si kuvimba, lakini mahali palipoharibika ni pale pale. Mwaka 1994 wataalamu waliandika kwamba haitambui hofu katika nyuso za watu. Mwaka 2005 wakagundua sababu moja: hakuwa akitazama macho ya mtu. Jicho lake lilitangatanga usoni, likaacha mahali ambapo hofu huonekana zaidi. Walipomwagiza, tazama macho, aliitambua hofu kama watu wengine. Agizo lilipokoma, akarudi hali yake ya kwanza.

Tuliposoma hayo tuliweka kitabu chini. Ni mara ngapi katika miaka yetu ya kazi tuliita majina 45 asubuhi bila kuinua macho kutoka katika daftari? Sisi hatukuwa na ugonjwa wowote. Na hata kaugonjwa kadogo huweza kututia katika hali hiyo: mwaka 2015 watafiti wa Los Angeles walichapisha jaribio la watu wazima wa afya 115, ambao baadhi yao walidungwa kitu kidogo cha kuamsha kinga ya mwili, ukawaka mwili kama mtu anayetaka kuugua. Walipoonyeshwa picha za macho matupu na kuulizwa mwenye macho hayo yuko katika hali gani, walikosea zaidi kuliko wasiodungwa hivyo. Mwalimu anayefundisha huku malaria inamnyemelea afikiri juu ya hilo kabla ya kushika fimbo.

Tunataka sasa kukaa kidogo kwa wale wanaoishi na mtu wa namna hii, maana kwao hili si somo la vitabu. Tunamfahamu mama mmoja ambaye mumewe alipona homa ya ubongo. Anakula, anatembea, anakuja kanisani, anaimba tenzi bila kutazama kitabu. Watu humpongeza mama kwamba Mungu amemrudishia mume. Yeye hushukuru kwa adabu. Lakini alitueleza kwamba mtu aliyekuwa akimtazama akijua amechoka, yule hayupo tena. Anarudi shamba na mzigo wa kuni kichwani, mume anatazama, hasemi hata pole. Zamani alikuwa wa kwanza kuupokea mzigo. Na mama huyu hawezi kulia matanga, kwa sababu hakuna aliyekufa. Kiapo cha ndoa kinataja ugonjwa na afya, nasi tulipoapa tulifikiria homa na mifupa ya uzeeni. Hatukufikiria ugonjwa unaoondoa ule utazamo.

Hapo desturi zetu wenyewe zinazidisha mzigo. Sisi Waswahili na Wabantu wenzetu tumelelewa kwamba mtu akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama ndani kuna maiti. Kwanza nzuri, kisha, baada ya kukaa na kunywa maji, ndipo unasema, ila tumefiwa. Kati ya lile nzuri na ile ila, mwenzako anatakiwa akusome usoni. Ni adabu nzuri nasi tunaipenda. Lakini kwa mtu aliyeharibikiwa sehemu hiyo ya ubongo, adabu yetu ni mlango uliofungwa. Anasikia nzuri, anaamini nzuri, anaomba chakula. Kisha tunasema hana utu.

Yule mama wa kijana alikuwa amegundua dawa peke yake, bila daktari wala kitabu: alisema kwa mdomo. Tulimshauri mama wa mtaa wetu afanye hivyo. Mwanzoni aliona ni aibu, kama kuomba kitu ambacho mke hastahili kukiomba. Pole ya kuombwa ni pole gani? Tulikosa jibu zuri. Baada ya muda alituambia kwamba sasa akifika uani husema, “Baba, nimechoka, nipokee kuni,” naye huinuka akapokea, kila mara. Tulimwuliza kama hilo linamtosha. Alifikiri kidogo akasema mzigo unapungua kichwani.

Mwaka 2021 tulikwenda kumtafuta kijana wetu, ambaye sasa ni mtu mzima. Tulishuka njia panda tukauliza kwa jina lake la ubatizo. Hakuna aliyelijua. Tuliuliza watu watatu. Mwishowe, kwa shingo upande, tukalitaja lile jina jingine, na hapo hapo mtoto mdogo ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa mwaka ule, au alikuwa mchanga, akatunyoshea kidole: Hanautu, fundi baiskeli, pale chini ya mwembe.

Alitutambua, akatuamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akatupa benchi. Alikuwa akinyosha gurudumu. Tulikaa muda tukimtazama, uso wetu ukiwa katika hali ambayo mtu yeyote mwingine angeuliza kuna nini. Yeye aliendelea kukaza spoku. Ndipo tulipokumbuka, tukamwambia kwa maneno kwamba tunaona aibu, na kwamba tumekuja kuomba radhi kwa viboko vile na kwa jina lile. Aliacha kazi akatutazama.

“Sikujua, Mwalimu,” alisema. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na kikombe cha maji.